Vifungo vya Upande wa Kushoto

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja. Tena neno zuri, la watu wenye adabu zao. Ukinisikiliza mpaka mwisho, leo ukipigiwa hodi utauliza kwanza ni nani, hata wakikuita mchoyo.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka fundi cherehani alipofika kwake nyuma ya pikapu, ameishikilia televisheni mpya kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mgonjwa asianguke. Mtaani walimwita Mama Pini, kwa kuwa akiwa kazini hubana pini tatu nne katikati ya midomo, na bado ukimchokoza anakujibu. Mumewe dereva wa malori, mwezi yupo, miezi miwili hayupo. Nyumbani alibaki na binti yao wa miaka saba, Chiriku. Jina la shule analo, lakini hilo la utani ndilo lililomkaa, maana mdomo wake haukuwahi kupumzika. Mwite hata akiwa chooni, atajibu: "Abee! Nakuja, nimeshafika!"

Na hajafika.

Mwaka mzima Mama Pini alishona sare za shule mpaka mgongo ukakataa kunyooka, ili sebuleni kwake nako kuwe na kitu cha kutazama. Aliyoichukua ilikuwa ile ya maonyesho, iliyokaa ukutani dukani.

"Hii ni OLED, mama," muuzaji alimwambia. "Nyingine zina taa kwa nyuma, weusi wake ni wa uongo. Hii penye giza inazima kabisa. Giza lake ni giza kweli."

"Masharti yake?"

"Moja tu. Kitu kimoja kisikae sana. Picha ikikaa sana inaganda, na ikiganda..." Muuzaji aliangalia pembeni. "Haitoki."

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini siku hiyo macho ya Mama Pini yalikuwa kwenye rangi.

Wakaifunga ukutani mkabala na kochi. Chiriku alirukaruka, akapiga makofi, akasimulia kila kilichopita kwenye kioo mpaka mama yake akaomba poo. Ilipozimwa, Chiriku akapitiwa na usingizi chumbani, naye Mama Pini akakaa kwenye cherehani dirishani, mgongo ameupa mlango, pini mdomoni, anakimbizana na mwanga wa mwisho wa siku.

"Hodi."

Sauti ya mtu mzima. Ya kike. Ya chini.

"Karibu, karibu ndani," alijibu bila kugeuka. Nani asiyejibu hivyo? "Keti hapo kwenye kochi, namaliza pindo hili."

Kochi likalia. Ile sauti ya springi zake mtu anapojiachia.

Akamaliza pindo, akatoa pini mdomoni, akageuka na tabasamu lake la kupokea wateja.

Hakukuwa na mtu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kama alivyoufunga yeye mwenyewe. Lakini sebule ilinuka dawa ya kuchua, ile wanayopakwa wazee magotini. Mama Pini akatazama huku, akatazama kule. Kisha macho yake yakaangukia kwenye televisheni iliyozimwa, nyeusi ti, na ndani yake akaiona sebule yake yote. Cherehani. Dirisha. Yeye mwenyewe amesimama.

Na kwenye kochi, mtu amekaa.

Akageuka haraka. Kochi tupu. Akatazama kioo tena. Mwanamke mzee, mtandio kichwani, mikono juu ya magoti, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Macho yangu yamechoka," alisema kwa sauti, ili moyo wake usikie. Akaenda kulala.

Siku ya pili Chiriku hakusema neno asubuhi. Alirudi shule, akakaa pembeni kabisa mwa kochi, amejibana kwenye egemeo lake, anatazama kioo kilichozimwa.

"Mbona umejibana hivyo na nafasi yote hiyo?"

"Bibi amekaa," Chiriku alinong'ona.

Mama Pini aliacha cherehani, akamsogelea. Mtoto hakuwa anapepesa macho. Alimtikisa bega, akampa chakula. Mtoto akala, akanywa, akarudi palepale pembeni mwa kochi.

Jioni akaja wifi yake, dada wa mumewe, anayekaa nyumba ya tatu. Huyu ndiye aliyenipa mimi habari hizi, na si mtu wa kuongeza chumvi. Wifi akasimama sebuleni, akavuta pua.

"Wifi, humu ndani kuna mtu."

"Kuna mimi na mwanangu."

"Itoe hiyo televisheni. Itupe. Au tumtafute mtaalamu."

"Nitupe?" Mama Pini alisimama, mikono kiunoni. "Mgongo huu umepinda kwa ajili yake! Nitoke jasho mimi, halafu aje mtu asiye na hata mwili akae kwenye kochi langu, na mimi ndiye niondoe vitu vyangu? Thubutu! Akiondoka mtu humu, ni yeye."

"Wifi, usishindane na usichokijua."

"Nisichokijua ndicho kisishindane na mimi. Chiriku! Njoo umsalimie shangazi yako!"

"Abee! Nakuja, nimeshafika!"

Wanawake wawili wakatazamana. Chiriku alikuwa hapo hapo kwenye kochi, hatua mbili kutoka walipo. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Sauti ilitoka ukutani.

Wifi hakuaga. Kiatu chake kimoja kilibaki mlangoni mpaka kesho yake.

Usiku ule Mama Pini alimlaza mwanawe kifuani, akamshika ule mkono wenye alama. Mtoto alipokuwa na miaka minne aligusa pasi ya mama yake, ikaacha kovu la pembe tatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kila akiliona, Mama Pini hujilaumu upya. Sasa alilipapasa gizani, akaapa. Mtoto huyu haendi popote.

Siku ya tatu alimkabidhi Chiriku kwa wifi, akaenda dukani, akasimama mbele ya muuzaji. Hakuwa na pini mdomoni, na hiyo ilitisha zaidi.

"Nani alikaa mbele ya televisheni yangu?"

Muuzaji alifungua mdomo kusema uongo, akamwangalia usoni, akaufunga.

"Ilirudishwa na familia moja, mama. Walikuwa na bibi yao. Asubuhi wanamkalisha mbele yake, jioni wanamwondoa. Hawamsemeshi, hawampi hata kazi ya kuchambua mchele. Televisheni ndiyo iliyokuwa inamwangalia. Siku moja walichelewa kumwondoa..." Akameza mate. "Walichelewa siku mbili. Walipoiwasha tena, kivuli chake kilikuwa kimeganda katikati. Nikadhani kitafutika. Hizi zina namna ya kujisafisha zenyewe zikizimwa. Na kweli, kikafutika."

"Hakikufutika. Kiliinuka, kikapiga hodi."

"Ulimjibuje?"

Mama Pini aliinamisha uso. Muuzaji akashika kichwa.

"Ulimkaribisha? Mama, mgeni uliyemkaribisha kwa mdomo wako unamfukuzaje?"

Hapo ndipo Mama Pini alipocheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kwani wazee walisemaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na leo ilikuwa ya tatu.

Akampitia mwanawe kwa wifi na kurudi naye nyumbani. Jembe hakuwa nalo. Alikuwa na mashati ishirini ya wavulana, yamekwisha kila kitu isipokuwa matundu na vifungo. Saa za magharibi aliyapanga mezani mbele ya televisheni iliyozimwa, akaweka sindano, uzi mweupe, mkasi mdogo na bati la vifungo. Chiriku alikuwa ameshakaa pale pembeni, macho makavu. Ndani ya kioo, bibi alikuwa amemsogelea. Mkono wake ulikuwa begani kwa mtoto.

Harufu ya dawa ya kuchua ilikaba koo.

"Shikamoo, bibi," Mama Pini alisema. Sauti ilimtetemeka, akaikazia. "Nimekukaribisha mwenyewe, sikatai. Siku mbili umekaa. Pole kwa waliokukalisha bure. Lakini hii ni nyumba ya kazi, na mwanangu si mto wa kuegemea. Mtoe mkono. Shika sindano."

Mkono haukutoka begani.

"Nasema mtoe mkono!"

Bati la vifungo likalia... cha. Peke yake.

Ndani ya kioo, yule mzee aliinuka. Taratibu, kwa magoti ya mtu aliyekaa miaka. Mkono wake ukatoka begani kwa Chiriku, ukanyooka kuelekea mezani. Sebule ikawa giza la ghafla, giza kweli, hata dirisha halikuonekana. Vitu vikapishana karibu na uso wa Mama Pini, vya baridi, kimoja kikubwa na kimoja kidogo.

Kisha mwanga ukarudi. Chiriku akaanguka mikononi mwake, analia.

"Mama! Mama!"

Mama Pini akambeba juu juu mpaka chumbani, akafunga mlango, akamkumbatia. Kupitia ukuta walisikia usiku kucha mkasi ukikata. Kch. Kch. Kch. Naye akatabasamu gizani. Fanya kazi, bibi. Kwangu halali mtu na kazi haijaisha.

Asubuhi kochi lilikuwa tupu na kioo kilikuwa kitupu. Mashati ishirini yalikuwa yamekunjwa. Mishono midogo, sawasawa, ya mkono wa mtu aliyejua kazi enzi zake. Mama Pini akapiga kigelegele peke yake. Akamwita wifi aje aone mwanamke alivyomshinda mzimu kwa uzi na sindano.

Wifi akanyanyua shati moja. Akaliweka. Akanyanyua la pili.

"Wifi, haya si ya wavulana? Mbona vifungo viko kushoto?"

Mama Pini akanyang'anya shati. Kweli. Matundu kulia, vifungo kushoto. Yote ishirini, kama yameshonwa na mtu anayeyatazama kwenye kioo.

"Amezeeka huyo, kachanganya," alisema. "Nitafumua. Kufumua si kazi?"

Akacheka. Wifi hakucheka.

Mchana kutwa alifumua. Chiriku alikaa mkekani karibu naye, mpole, mtulivu, anakata nyuzi zilizobaki. Kwa mkono wa kushoto, yeye wa kulia siku zote. Mama Pini aliona, akajiambia watoto wana michezo yao. Alimwita mara moja kumjaribu. "Chiriku!" Mtoto akainua kichwa, akasema, "Ndiyo, mama." Basi. Hakusema nakuja. Hakusema nimeshafika.

Jioni akamwogesha. Akammwagia maji, akampaka sabuni shingoni, mgongoni, akaushika mkono wa kushoto alivyozoea, kidole gumba kikatafuta lile kovu.

Ngozi laini.

Akaugeuza mkono. Akausugua. Hakuna kitu. Akauvuta mkono wa kulia kutoka kwenye maji.

Kovu la pasi lilikuwa pale. Pembe tatu. Upande ambao halikuwahi kuwa.

Mtoto alimwangalia bila kupepesa macho. "Maji yanapoa, mama."

Wifi anasema alisikia kelele, akaja mbio, akachungulia dirishani. Alimwona Mama Pini sebuleni, lemba limemtoka, mkasi mkubwa wa kukatia nguo mkononi. Amesimama mbele ya televisheni iliyozimwa, uso karibu uguse kioo. Katika weusi ule kochi lilikuwa na watu wawili. Mzee mmoja, amejipumzisha. Na mtoto mdogo pembeni, ameinama, shati mapajani, anashona vifungo.

Nyuma, kwenye mlango wa bafu, yule mwingine alisimama na taulo, maji yakimchuruzika.

"Mama, usifanye hivyo," alinong'ona. "Ulisema mwenyewe ni nyumba ya kazi. Bibi kampata wa kumsaidia."

"Wewe nyamaza. Wewe tutaongea nikirudi."

Akagonga kioo kwa kifundo cha kidole.

"Hodi!"

Akagonga tena.

"Hodi!"

Mzee kwenye kioo akainua kichwa. Mama Pini akaukaza mkasi. Watu wenye adabu hupiga hodi tatu, wasipojibiwa huondoka. Yeye adabu alikuwa ameimaliza kwa neno moja siku ile ya kwanza.

"Hodi, nasema! Na siondoki!"

Ndani kabisa, mbali, mtoto aliyeinama akaacha kushona.

"Abee! Nakuja, nimeshafika!"

Lakini hakufika. Alinyoosha mkono tu, na mkono haukupita kioo.

"Usije, mwanangu," alisema Mama Pini, machozi yanatiririka na sauti haitetemeki. "Kaa hapo hapo. Safari hii nakuja mimi. Wewe nikaribishe tu."