Usisaini, Mama

Jumatano baada ya mapumziko, kidato cha pili walikuwa na somo la uraia. Siku hiyo mwalimu alimkaribisha wakili, mama mcheshi mwenye sauti nzito, aliyewaeleza haki za mtu aliyekamatwa: aambiwe kosa lake, anaweza kunyamaza, anaweza kumwita wakili. Kisha akaandika namba yake ya simu ubaoni.

Machachari, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, alinyoosha mkono. "Samahani mama, mwizi wa nini kubembelezwa? Si afungwe tu!"

Darasa likaangua kicheko. "Na umejuaje kuwa ni mwizi, mwanangu?" wakili aliuliza. Machachari akashusha mkono, akainakili namba ya wakili daftarini.

Alasiri alipofika nyumbani, alikuta mlango wazi na chungu kinaungua jikoni. Jirani akaja mbio. "Polisi wamemchukua mama yako! Eti kaiba mashuka ya hospitali."

Mama yake alikuwa mfua nguo hospitalini, na hata sindano ya kuazima aliirudisha siku hiyo hiyo.

Kituoni alimkuta mama kwenye benchi, bado na aproni, kalamu mkononi.

"Tia sahihi, mama, ukamalizie kupika," askari alimhimiza.

Machachari aliichungulia ile karatasi. *Nakiri kuwa niliiba mashuka arobaini.*

"Usisaini, mama! Umeisoma?"

"Hapana. Ameniambia nikisaini narudi nyumbani."

"Shikamoo, afande," Machachari alisema. "Mama ana haki ya kunyamaza. Tena ana haki ya kumwita wakili."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Tumefundishwa leo shuleni."

Mkuu wa kituo alitoka ofisini, akaisoma karatasi, akamgeukia askari wake. "Mpe binti simu," alisema. Machachari akapiga namba ya wakili aliyoinakili darasani.

Wakili alifika na swali moja: mashuka yaliibwa lini? Jumapili, akajibiwa. Mama akashika kichwa. "Jumapili? Si nilikuwa nimelazwa wodini na dripu mkononi!" Hakuna aliyekuwa amemwambia hata siku ya wizi. Hospitali ilipothibitisha, aliachiwa.

Siku mbili baadaye, mashuka yalikutwa nyumbani kwa mtunza stoo wa hospitali, yule yule aliyemshtaki mama.

"Huyo sasa ndiye wa kusainishwa kwa nguvu!" Machachari alifoka.

Mama aliacha kukunja nguo. "Hapana. Naye apewe wakili, asikilizwe."

Machachari alimkodolea macho, asiamini masikio yake. "Mama! Baada ya yote aliyokufanyia?"

"Ndiyo. Mahakama ikimkuta na hatia, itamhukumu. Lakini haki tukiwapa tunaowapenda tu, mwanangu, huo ni upendeleo. Mimi niliokolewa na haki."