Kadi Iliyoungua Siku Tano Kabla

Maiti alikuwa chali kati ya kiti na meza ya kompyuta, kandambili moja mguuni, nyingine chini ya kitanda. Damu ya kisogoni ilikuwa imeanza kukauka sakafuni. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi.

Inspekta alichuchumaa, akatazama, akaandika. Kituoni walimwita Barafu, na hawakumsingizia. Miaka ishirini na sita ya kazi hii ilikuwa imemkausha, na tangu amzike mkewe mwaka uliopita, hata chai aliinywa kwa sababu tu imewekwa mbele yake.

Mke wa marehemu alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Hakuwa akilia.

"Pole, mama. Ilikuwaje?"

"Kompyuta ililipuka."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa jikoni. Yeye alikuwa anaangalia video ya mtoto wetu. Nikasikia paa! Nikaja, nikamkuta hapo. Nadhani alishtuka, akaanguka, akajigonga kwenye meza."

"Mtoto yuko wapi?"

"Alifariki. Mwaka wa tatu huu. Alikuwa na miaka sita."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja anwani yake.

Marehemu alikuwa mhariri wa video za harusi. Mashine yake ilikuwa kongwe, ubavu wake umefunguliwa, na ndani yake kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, ilikuwa na doa jeusi. Inspekta aliinama, akavuta pumzi. Chumba kilinuka mbao tu. Chini ya dirisha palikuwa na karakana ya seremala, na msumeno ulilia bila kupumzika. Kama kitu kililipuka saa moja iliyopita, harufu ya kuungua ilikwenda wapi?

Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na shati. Upande mmoja ulikuwa umenyooka, wa pili umejikunja.

"Pasi iko wapi, mama?"

"Iliharibika. Niliitupa."

"Lini?"

"Zamani."

Inspekta aliandika hilo pia. Alipotoka mlangoni alimnong'oneza sajenti wake, "Tafuta pasi. Hata ndani ya unga."

Alasiri daktari wa maiti alipiga simu.

"Jeraha moja, kisogoni. Fuvu limepasuka. Umeme haukumgusa."

"Kona ya meza je?"

"Inawezekana, lakini siapi. Kona ile ni ya mviringo, na jeraha lina ukingo ulionyooka."

"Unaweza kuapa nini, daktari?"

"Kwamba amekufa."

Inspekta aliiweka kadi kwenye bahasha ya ushahidi, akaipeleka kwa fundi wa kompyuta aliyewahi kuwasaidia. Watu walimwita Fundi Pua. Wenzake hupima kwanza. Yeye hunusa kwanza, mita ya umeme baadaye. Aliinusa kadi ile kwa utulivu wote, macho ameyafumba.

"Hii imeoza siku nyingi, afande."

"Nieleze polepole. Mimi najua kuwasha na kuzima tu."

"Na kuzima huwa unakosea."

Fundi aligusa kadi kwa ncha mbili za mita. Mita ikalia mfululizo.

"Umesikia? Shoti. Transista hii, swichi ndogo ya umeme, imeungua, umeme unapita moja kwa moja. Kadi ikiwa hivi, mashine yote inagoma kuwaka."

"Kwa hiyo leo asubuhi hakuna aliyeangalia video?"

"Leo ndiyo siku ya tukio?"

"Ndiyo. Leo asubuhi."

"Basi leo aliangalia skrini nyeusi." Alimpa lenzi. "Tazama masizi. Yamefunikwa na unga wa mbao. Unga uko juu ya masizi, si chini yake. Feni ikizunguka, unga huu hautulii hapa. Kadi imelala siku nne, tano hivi."

"Ni uzee?"

"Ningesema hivyo. Kwa umri wa kadi, hii ni bibi kizee. Lakini ona huo mkwaruzo. Mtu ameweka ncha ya bisibisi katikati ya miguu ya transista, mashine ikiwa inawaka. Na alijua pa kugusa. Asiyejua angetumia nyundo."

Mtu aliyejua pa kugusa alikuwa mochwari. Inspekta alilipima hilo kichwani.

"Video imeungua nayo?"

Fundi alicheka. "Kadi ni dirisha tu, afande. Dirisha likivunjika, aliye ndani hafi. Video iko kwenye diski. Lete mashine, nichomeke kadi yangu."

Mashine ililetwa. Skrini ikawaka. Mtoto wa kike, pengo mbele, alisimama juu ya kigoda akijihesabu meno kwa kidole. "Mama, usicheke, nitakosea!" Nyuma ya kamera sauti ya mwanamume ilimhimiza.

Inspekta aliiangalia hadi mwisho. Hakuhisi kitu, na hilo ndilo lililomtisha.

Kesho yake, katika chumba cha mahojiano, pasi ilikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Sajenti aliikuta chini ya nguo chafu. Ilikuwa imeoshwa, ila damu ilibaki kwenye mshono wa mpini.

"Kompyuta haikulipuka, mama."

Mwanamke aliitazama pasi.

"Iliungua siku tano kabla. Mumeo aliiunguza mwenyewe."

"Najua. Aliniambia."

"Lini?"

"Jana. Nilikuwa nampigia pasi shati."

"Na aliyekuwa anaiangalia ile video kila siku ni nani?"

"Mimi." Alitazama mikono yake. "Siku tano ananidanganya kwamba ni uzee wa kadi, ataipeleka kwa fundi. Kila asubuhi nakaa mbele ya skrini nyeusi, nasubiri. Jana akasema ameichoma makusudi. Eti sili, silali, nimekwisha. Akasema, 'Kila kitu kimeungua humo. Hayupo tena. Njoo tuishi.' Halafu akanipa mgongo avute kiti."

"Na wewe?"

"Nilikuwa na pasi mkononi."

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilikusudia anyamaze. Sauti ya mwanangu ilikuwa humo tu, afande, hakuna pengine. Alimzika mara ya pili, na mimi sikuambiwa."

Alitia saini maelezo yake bila kuyasoma. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya anwani, "Fundi hawezi kufanya lolote?"

Sheria haikumlazimu inspekta kujibu. Alizungusha kalamu, akaiweka chini.

"Video haikuwa kwenye kadi. Iko kwenye diski, nzima. Mumeo alikuwa mhariri. Alilijua hilo."

Mwanamke aliinua macho.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Amefika ngapi?"

"Kumi na sita. Halafu anakosea."

"Anakosea kwa sababu nacheka," alisema. Uso wake haukubadilika. "Baba yake ndiye aliyeshika kamera. Sauti yake imo?"

Inspekta Barafu alilifunga jalada, akamtazama usoni.

"Imo. Anasema, 'Rudia, mwanangu. Tutamwonyesha mama siku akiwa na huzuni.'"