Springi Zilizokatwa

Jumamosi ile mbele ya stendi ya Nyegezi, Mwanza, palikuwa hapapitiki. Mabasi ya Shinyanga yanaingia, ya Kahama yanatoka, wapiga debe wanagombania mizigo ya watu, na katikati ya vurugu hiyo Odeta alikuwa amesimama kando ya teksi iliyochemsha, ameshikilia boksi la keki ya harusi. Keki ya ghorofa tatu, nyeupe, yenye maua ya zambarau aliyoyafinyanga mwenyewe jikoni kwake Buhongwa. Alivaa gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe, na kwenye kiwiko alikuwa na tone la krimu ambalo hakuwa na mkono wa kulifutia.

Dereva wa teksi alimwaga maji kwenye rejeta na kusema tena, "Dakika tano tu, dada."

"Dada, unaelekea wapi na mzigo huo?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Odeta hakugeuka. "Pasiansi. Na kama ni bodaboda, usinisumbue, kaka yangu."

"Mimi na bodaboda wapi na wapi? Geuka basi uone."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi sawasawa, funguo zinaning'inia kidoleni. Nyuma yake gari jekundu la milango miwili, lililolala chini hadi ungedhani limekwama kwenye lami.

"Hiyo inabeba keki?"

"Inabeba watu wawili. Keki ukiipakata, tutaihesabu kuwa ni wewe."

Jina lake Mihayo, fundi wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda cha samaki. Hayo aliyasema huku anamfungulia mlango, na Odeta, ambaye kwa kawaida hapandi gari la mtu asiyemjua, alitazama saa yake akapanda.

Aliujutia uamuzi huo kabla hawajafika Butimba. Kila kokoto ilipanda kutoka kwenye tairi ikaingia uti wa mgongo. Kwenye matuta gari lilirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba.

"Pole pole, kaka!"

"Niko pole pole, dada. Hii ndiyo pole pole yake."

Mkuyuni ghorofa ya juu iliteleza. Odeta aliizuia kwa kidevu. Igogo waliingia kwenye shimo, gari likapiga chini kwa kishindo, meno ya Odeta yakagongana, na ghorofa ya kati ikapasuka katikati. Hakupiga kelele. Alikaa kimya, krimu kidevuni, mpaka Pasiansi, na kimya hicho kilimtisha Mihayo kuliko matusi.

Ukumbini shangazi wa bibi harusi alifunua boksi akaanza. Wewe binti umetudharau. Wewe binti unajua watu wangapi wamealikwa. Odeta aliinamisha kichwa. Mihayo angeweza kuondoka. Gari lilikuwa nje na hakuna aliyemjua. Badala yake alisogea mbele.

"Shikamoo, mama. Keki ilitoka kwake ikiwa nzima. Gari yangu ndiyo imeivunja. Kama ni kugomba, unigombeze mimi."

"Marahaba. Na wewe ni nani?"

"Mwenye gari."

Shangazi alimgombeza kweli, akamaliza. Wakati huo Odeta alikuwa ameshapata meza nyuma ya jiko, ametoa kisu na krimu ya akiba. Ghorofa iliyopasuka aliikata vipande vya kugawa, zilizobaki akazipanga upya, maua akayarundika kwenye nyufa. Mihayo alishika taa ya simu na kufuata amri: leta, shika, ondoa mkono. Bibi harusi alipoingia, keki ilikuwa ya ghorofa mbili na hakuna aliyeuliza ya tatu ilikwenda wapi.

"Nipe namba yako," Mihayo alisema baadaye, nje.

"Ya nini? Unataka kuvunja nyingine?"

"Nataka kujua imepona."

Odeta alicheka bila kutaka, akampa.

Simu zilianza Jumatatu. Mihayo alipiga wakati wa mapumziko, mitambo inanguruma nyuma yake.

"Mama Keki, umeamkaje?"

"Kiuno kinauma, Bwana Barafu. Tangu Jumamosi."

"Pole, mpenzi."

"Mpenzi ya wapi hiyo? Kwanza tengeneza gari yako ndiyo tuanze kuitana."

Alisema kwa utani, lakini Jumamosi iliyofuata Mihayo alimchukua, wakalipeleka gari gereji ya mzee Liaqat pale Igogo. Mzee huyo, mwenye ndevu nyeupe na kanzu yenye madoa ya grisi, alizaliwa Mwanza kama baba yake. Alisukuma pembe ya gari kwa kiganja. Halikushuka hata kidogo.

"Shokapu zimekufa," alisema.

Shokapu mpya zilifungwa. Walilijaribu mpaka Mkolani na kurudi, na gari likawa gumu kuliko mwanzo. Mzee Liaqat alikuna ndevu, akasema basi ni tairi zimejaa upepo kupita kiasi. Upepo ulipunguzwa. Nafuu kidogo tu.

Ndipo Odeta alipoomba kukaa kwenye kiti chake kile kile, amepakata sufuria la maji, Mihayo aendeshe taratibu juu ya tuta lililokuwa nje ya gereji.

"Inapiga mara mbili," alisema aliposhuka, gauni limelowa. "Kwanza inagonga kidogo. Halafu kuna kitu kama kinafika mwisho, kinagonga kwa nguvu. Hicho cha pili ndicho kilichovunja keki."

Mzee Liaqat alilala chini ya gari na tochi, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa anatikisa kichwa. Aliyelimiliki gari kabla ya Mihayo alizikata springi ili lilale chini na kupendeza. Sasa halikuwa na pa kushukia. Kila likikanyaga shimo, lilikalia vizuizi vya mpira, na mpira wenyewe ulikuwa umeshakuwa mgumu kama jiwe.

"Tuweke springi nzima na mpira mpya," mzee alisema. "Rimu hizi kubwa tutoe, tuweke ndogo, tairi iwe nene. Itatulia. Lakini itanyanyuka."

Mihayo alilitazama gari lake lilivyojilaza, jekundu, linang'aa kama limelambwa.

"Nimeinunua kwa sababu ya kulala chini hivi," alisema polepole. "Ikinyanyuka itafanana na gari ya mchungaji."

"Basi iache ilale," Odeta akamjibu. "Mchungaji atanipa lifti."

Mzee Liaqat aliangua kicheko, na Mihayo, baada ya kununa kidogo, akacheka pia. Springi zilitafutwa hadi Kahama. Zilipofungwa, gari lilisimama juu kidogo, likapoteza ule ujeuri, lakini lilipopita tena juu ya lile tuta lilishuka, likapanda, likatulia, kama mtu anayekaa kwenye kochi.

Jioni hiyo walikwenda mpaka Capri Point. Waliegesha karibu na maji, wakanunua sato wa kukaanga, wakala kwa mikono huku madirisha yameshushwa na upepo wa ziwa unapeperusha mtandio wa Odeta. Mihayo aliongea habari za kwao Sengerema. Odeta aliongea habari za Ukerewe, na jinsi alivyoacha kazi ya benki ili apike. Hakuna aliyesema neno kubwa. Waliporudi, Mihayo alishika gia kwa mkono mmoja na mkono wa Odeta kwa mwingine, mpaka Odeta akamwambia ashike usukani.

Wakawa watu wa Jumapili. Kila Jumapili mchana gari jekundu lilisimama nje kwa Odeta, honi moja, naye akatoka amejipamba, wakaenda popote. Kwa Odeta zile safari ndizo zilizokuwa mapenzi yenyewe. Hakuwahi kumwambia.

Kisha Ijumaa moja alikuwa Makoroboi, anachagua riboni dukani, akaliona gari lile linapita. Alinyanyua mkono. Anayeendesha hakuwa Mihayo. Alikuwa kijana wa Kihindi mwenye miwani, amekunja mikono ya shati, anapiga gumzo na mama aliyekaa kwenye kiti. Kiti cha Odeta.

Alipiga simu. "Gari iko wapi?"

"Niko kazini, mpenzi, mtambo umegoma. Nitakupigia."

Hakusubiri kupigiwa. Alikwenda gereji.

"Si Karan ameichukua?" mzee Liaqat alishangaa. "Kijana wa duka la vyombo. Mihayo alisema siku ile ile ya springi, ikishatulia inaondoka. Kwani hajakuambia, binti?"

Usiku ule Mihayo alipopiga, Odeta alipokea mara moja tu.

"Ulinifanya kipimo," alisema.

"Kipimo cha nini, Odeta?"

"Nimekaa kwenye kile kiti nakuambia hapa inagonga, hapa inayumba. Nimelowa maji kwa ajili yako. Kumbe nilikuwa nakutafutia mteja."

"Subiri nikueleze, nilitaka..."

"Ulijua tangu siku ya springi. Tulikwenda Capri Point ukiwa unajua. Ungesema tu, Mihayo."

Alikata, akaizuia namba yake. Mihayo alikuja getini kwake siku mbili mfululizo akaambiwa Odeta hayupo, naye akiwa ndani, anapiga mayai kwa hasira mpaka yakamwagika. Baada ya hapo hakuja tena.

Wiki zilipita. Odeta alipika, akapeleka keki kwa teksi, akalala mapema. Jumapili alifua.

Siku moja alipigiwa simu na mama aitwaye Sushila, anataka keki ya siku ya kuzaliwa isiyo na mayai. Asubuhi ya kuichukua, gari jekundu lilisimama nje kwa Odeta, honi moja. Moyo wake ulipaa. Kisha akashuka yule kijana mwenye miwani.

"Habari, dada. Naitwa Karan. Mama amenituma keki."

Odeta alimpa boksi. Alitaka kunyamaza, akashindwa. "Gari hiyo ulinunua kwa Mihayo?"

"Hatukuuziana. Tulibadilishana. Nilimpa kile kigari chetu cha kusambazia vyombo, chenye bodi nyuma. Nikamwambia mbona unapunjika, akasema kina nafasi, anataka kukifungia mtambo wa baridi. Ni kwa ajili ya..." Karan alilitazama boksi mikononi mwake, akamtazama Odeta, krimu kwenye vidole. "Ni wewe?"

Odeta alikuwa ameshaanza kuvua aproni.

Alimkuta Mihayo kwenye geti la kiwanda, wafanyakazi wanatoka na mabuti meupe, harufu ya samaki imetanda. Mihayo alimwona akasimama. Alikuwa amekonda.

"Twende unioneshe," Odeta alisema.

Kigari kilikuwa kimeegeshwa chini ya ukuta, cheupe, chenye mlango wa nyuma. Ndani Mihayo alikuwa amekipiga bati safi, rafu za kufungia mikanda, na juu kabisa mtambo mdogo wa baridi aliouunda kwa vipande vya kiwandani vilivyotupwa. Odeta aliingiza mkono akasikia ubaridi. Akapapasa rafu moja moja, amempa Mihayo mgongo.

"Nilitaka kiishe ndiyo nikuoneshe," Mihayo alisema. "Wakati springi bado zinatafutwa, krimu yako iliyeyuka kwenye teksi, ukalia. Nikasema haitatokea tena."

"Kizuri," Odeta alisema. Aligeuka, macho yamelowa na uso umekunjamana. "Kizuri sana. Na bado nina hasira. Nani alikuuliza nataka gari la keki?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani peke yako. Mimi nilikuwa naipenda ile nyekundu, Mihayo. Nilikuwa naipenda bila keki yoyote ndani. Ukaitoa bila kuniuliza, halafu ukaniacha nifikirie nimechezewa."

Mihayo alisogea karibu. "Hukuwahi kusema kama unaipenda. Ulikuwa unaisema vibaya kila siku."

"Ndiyo mazungumzo yangu hayo! Hunijui?"

Mlinzi wa getini aligeuza uso upande mwingine kwa adabu. Odeta alijipangusa macho kwa kiganja.

"Nami nimekosa," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuja mara mbili nikajificha. Ningekusikiliza."

"Nikamwombe Karan turudishiane?"

Walikwenda kweli, jioni ile ile. Mama Sushila alitoka dukani na kipande cha keki mkononi, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Hii hairudi, baba," alisema. "Miaka mingi sijakaa kwenye gari bila mgongo kuuma. Mmeitengeneza vizuri mno, mtajuta wenyewe."

Odeta alicheka mpaka akamshika Mihayo mkono ili asianguke, na hakuuachia.

Mwezi uliofuata kulikuwa na harusi Sengerema. Walivuka daraja la Busisi asubuhi, ziwa limetulia pande zote mbili, keki imefungwa mikanda nyuma. Walipoishusha ukumbini na kupongezwa, Mihayo alizima injini badala ya kugeuza.

"Kwetu si mbali na hapa," alisema. Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Nataka kukuuliza. Nauliza tu, sijapanga kitu. Ungependa kuwaona wazee?"

"Utawaambia mimi ni nani?"

"Sijui. Nisemeje?"

Odeta alijitazama kwenye kioo, akafunga kilemba chake upya. "Twende kwanza."

Mama yake Mihayo alitoka uani na ungo wa mchele, akawapokea kwa furaha, akasalimu, kisha akasimama kumtazama vizuri yule binti aliyevaa kitenge.

"Mihayo, mgeni wetu ni nani huyu?"

Mihayo alivuta pumzi. Alimgeukia Odeta, akangoja.

Odeta alipiga goti kidogo, akampokea mama ule ungo.

"Shikamoo, mama," alisema. "Naitwa Odeta. Mimi ni mchumba wake."