Treni Iliyopita Kimya

Saa 4:10 asubuhi.

Nyuma ya kibanda cha kinyozi mmoja pale Masuguru, Korogwe, kuna chumba kisicho na dirisha. Siri ikiingia humo, inatoka na jasho. Wanaume watatu walikuwa wameinamia ramani iliyochorwa sakafuni kwa chaki.

"Mji mzima utakuwa relini," alisema Ponsiano. Huyo ndiye mkuu wa genge. Inasemekana aliwahi kumwibia mbwa sauti, mbwa akaacha kubweka wiki nzima. "Kiongozi anapitishwa kwa treni, anakwenda kuzikwa kwao kaskazini. Maduka yote kufuli. Njagu wote stesheni, wanazuia watu. Duka la mnunuzi wa dhahabu linabaki na Mungu na popo."

Akagonga chaki kwa kidole. "Ukuta wa nyuma ni tofali moja. Nyuma ya tofali, kasiki. Nyundo, dakika nne. Kelele je?"

Akamtazama Isaka.

Isaka alikuwa mtu wa reli miaka kumi na tisa, mpaka alipofukuzwa kwa kuuza mataruma ya chuma yanayobeba reli. "Treni lazima ipige honi kwenye makutano ya barabara," alisema. "Ndiyo sheria. Na kwa umati wa leo, itapiga toka darajani mpaka itoke mjini. Hapo unaweza kuchinja tembo asisikike."

"Basi wewe unakaa relini. Bipu moja, treni imeingia, nagonga. Bipu mbili, kimenuka, naacha. Umenisoma, mzee wa mataruma?"

"Nimekusoma, bosi."

Muhsin, dereva, alicheka. "Huyu mgao wake ataufanyia nini? Hana mke, hana paka."

"Nitajengea kaburi la mama."

Kicheko kikakatika. Ponsiano akaanza kufuta chaki kwa soli ya kiatu.

Alikuwa na sababu ya kutazama chini. Miaka miwili nyuma walijificha porini baada ya dili, na simu zote zilikaa mfukoni mwake. Ya Isaka ikaita kutoka Kideleko, kule Handeni. Mama amefariki, anasubiriwa mwana. Ponsiano akapokea, akakata, akanyamaza siku nne ndipo akamwambia. Kazi kwanza. Kijijini walingoja mpaka jua likachwea, wakazika. Tangu hapo Isaka akienda kwao anajibiwa salamu akiwa nje ya mlango. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemvutia kigoda pia.

Saa 8:40 mchana.

Korogwe yote ilikuwa imejipanga kando ya reli. Wengine walikuwa wameteremka kutoka Vugiri milimani tangu alfajiri, viatu mkononi. Akina mama walitandika kanga juu ya kokoto. Isaka alijibanza katikati yao, simu kiganjani, na katika watu wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyelijua jina lake.

"Shikamoo, bibi," alimwambia kikongwe aliyesimama bega kwa bega naye.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Msiba hauendewi peke yako. Sogea hapa. Mimi Bibi Hamisa."

Akasogea. Ilikuwa muda mrefu tangu aambiwe asogee.

Saa 9:05 alasiri.

Kichwa cha treni kikatokeza darajani. Isaka akabipu. Moja.

Akasubiri honi.

Haikulia.

Treni ilikuja mwendo wa bi harusi, nguo nyeusi imefungwa mbele, na dereva ametoa mkono dirishani, mtupu, kaukunjua. Barabara ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Hapakuwa na wa kupigiwa honi. Miaka kumi na tisa ya reli, na Isaka hakuwa amewahi kuona treni ikifiwa. Watu wakavua kofia. Watoto wakanyamaza wenyewe. Ungesikia inzi akikohoa.

*Ngo.*

Mbali, upande wa maduka. *Ngo. Ngo.*

Shingo moja ikageuka. Kisha kumi. Askari aliyekuwa amepiga saluti akakunja uso.

Bipu mbili. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kitufe. Sekunde tano tu, na Ponsiano angekuwa ameuacha ukuta, angekuwa uchochoroni, angekuwa ndani ya Noah ya Muhsin.

"Mwanangu," Bibi Hamisa alinong'ona. Alikuwa ameinama, ameinuka na udongo. "Kuzika watazika wenzetu huko. Sisi tumdondoshee huu hapa hapa. Lete mkono."

Isaka akanyoosha wa kushoto.

"Wa kulia, baba. Nani kakufunza kuzika?"

Wa kulia ulikuwa na simu.

*Ngo.*

Akaitia simu mfukoni. Udongo ulikuwa wa moto wa jua. Behewa la jeneza lilipofika mbele yake alifungua vidole polepole, na aliyemlilia hapo hakuwamo ndani ya behewa lile.

Askari watatu walikuwa wameshatimka kuelekea madukani.

Saa 9:31 alasiri.

Muhsin alisikia buti, akatia gia, akaondoka na milango wazi. Inasemekana hakushika breki mpaka Segera. Ponsiano yeye alipitishwa kando ya reli na pingu, mweupe kwa vumbi kama mwizi wa unga, damu ikimchuruzika sikioni. Umati haukumzomea. Siku ya msiba hakuzomewi mtu.

Akamwona Isaka. Akasimama.

"Simu yako imekufa?"

Isaka angeweza kumtazama kama mgeni. Umati ulikuwa mkubwa.

"Nilikuwa msibani, bosi."

Ponsiano akatazama chini, kama asubuhi ile juu ya chaki. Askari akawaangalia wote wawili, akaelewa, akachomoa pingu nyingine.

"Na wewe twende."

Bibi Hamisa akapiga hatua katikati. Fimbo yake haikufika hata kiunoni mwa askari.

"Huyu mfiwa. Mwacheni amalize kuzika."

Na wakamngoja.