Mchungwa Uliofunikwa Shingo

Alfajiri, pale mtaani Bondeni, karibu na reli, ukungu hulala juu ya mabati. Moshi wa gari la moshi huchanganyika nao mpaka usijue upi ni upi. Saa hiyo Nekoye hutoka nje, mtoto mgongoni. Kabla ya kuwasha moto, kabla ya kuchota maji, kwanza huutazama mchungwa.

Mche ule uliletwa na mama mkwe kutoka Bungoma, wiki aliyozaliwa Namalwa, binti wa Nekoye. Bibi huyo aliupanda kwa mkono wake nyuma ya nyumba, akasema mti na mtoto watakua pamoja. Alisema kwa furaha tu. Lakini Nekoye alilichukua neno hilo akalala nalo. Mara nyingi aliota machungwa yanang'aa kama taa, na Namalwa, amekuwa msichana, anayachuma.

Sasa majani yalikuwa ya manjano. Yalianguka polepole, bila upepo. Na Namalwa alikuwa anakohoa.

Kwao Nekoye, mahindi yakidhoofika hupandishiwa udongo shinani ili yasimame. Basi kila Jumamosi aliuongezea mchungwa udongo, ukawa tuta kama kichuguu. Jioni alimwaga hapo maji ya kuoshea vyombo. Majani yalipozidi kuanguka, naye akazidisha udongo na maji. Mumewe, Dalmas, mtia makaa wa reli, alimtania kwamba mti huo unakunywa kuliko injini yake. Nekoye hakucheka.

Siku moja jirani yao, Mama Waithaka, alikuja kuomba moto. Zamani alifanya kazi katika bustani ya matunda ya mzungu mmoja kule Dundori. Alimkuta Nekoye amechuchumaa, machozi yanamtoka. Akauliza mtoto ana nini. Nekoye akaonyesha mti.

Mama Waithaka hakuyatazama majani sana. Alianza kulifukua lile tuta kwa mikono.

"Mama Waithaka, mgonjwa unamvua nguo?"

"Namvua apumue. Mahindi hupenda kufunikwa miguu, Mama Namalwa. Huu umeufunika mpaka shingo."

Shina lilipotokea, lilikuwa limelowa, linanuka, na utomvu kama asali umeganda juu yake. Mama Waithaka alikwaruza ganda kwa kucha. Upande mmoja, ndani palikuwa kahawia. Upande wa pili palikuwa kijani.

"Hapa umeoza. Hapa uko hai," alisema. "Uozo ukizunguka shina lote, mti umekwisha. Huu haujazunguka."

"Na mtoto?" Nekoye aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtoto ana kikohozi, mpeleke hospitali leo. Mti ni mti, mama. Kila mmoja na dawa yake."

Nekoye alikwenda, mtoto akatibiwa. Aliporudi, walichukua kisu safi wakakata ganda lililooza mpaka wakafika kwenye ganda zima. Kidonda kilipokauka, wakakipaka mrututu, ile dawa ya buluu ya mimea, na chokaa, vilivyokorogwa kwa maji katika chungu kikuukuu. Chungu hicho hakikupikiwa tena, maana mrututu ni sumu. Nawe mama mwenzangu unayesoma, uuweke mbali na watoto.

Udongo uliachwa chini, pale mizizi inapoanzia. Maji sasa yalimwagwa mbali na shina, katika mfereji wa duara, tena udongo ukikauka tu. Maji ya sabuni yakatafutiwa mahali pengine.

Mti ukasimama uchi wiki baada ya wiki, kama unawaza jambo. Mikono ya Nekoye ilimwasha kwa hamu ya kuufunika. Akawa anaifunga ndani ya leso.

Asubuhi moja ya manyunyu aliona vichipukizi, vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Alisimama hapo mpaka uji ukaungua. Dalmas aliula hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mwaka uliofuata maua yalitoka. Harufu yake iliingia dirishani, ikajaa chumba kizima, ikawakuta mama na mtoto wamelala usingizi wa mchana, hakuna anayekohoa.

Wewe unayesoma, mti wako unaupenda, najua. Nenda ukatazame shina lake. Kama huoni linapoanzia, umelifunika mno. Weka kitabu chini, ukafukue.