Goti la Weris

Asubuhi hiyo ya mwaka 1995 jua lilikuwa bado pole mjini Garissa. Dagane alikunywa chai uani, mkewe Weris amejilaza mkekani, goti lake la kulia limefungwa bandeji, magongo kando yake. Walikuwa na raha. Wiki tatu nyuma, daktari wa Nairobi alimpasua goti hilo, kwa kuwa gegedu, ile nyama laini inayozuia mifupa isisagane, ilikuwa imelika. Alitoboa vitundu mfupani ili uboho utoke, ugande, uote gegedu mpya.

"Wiki nane asikanyagie mguu huu," daktari alimwonya Dagane. "Uboho ni kama mche. Ukikanyagwa, haumei."

Dagane aliapa. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyechota maji mtoni, alfajiri, wenzake wasimwone.

Adhuhuri walifika wageni: binamu yake Billow na wazee wawili wa Liboi, waliotoka kuuza ng'ombe. Dagane akainuka na birika kuwamiminia chai.

"Warya, ewe Dagane," Billow alisema, "siku hizi wewe ndiye mke?"

Wazee wakacheka. Ndugu zangu, kicheko hakina meno, lakini huuma. Dagane aliona aibu ikimpanda usoni. Akamwendea Weris.

"Weris, inuka kidogo. Wageni wapikiwe, na maji yamekwisha."

"Daktari alisema wiki nane."

"Nami nasema leo."

Weris aliyaacha magongo, maana mtungi unataka mikono. Alikwenda mtoni mara mbili. Mara ya pili goti lililia ko, akaanguka njiani. Majirani ndio waliomleta.

Nairobi, daktari alitazama picha ya goti.

"Ile gegedu changa imebanduka, na mfupa umesagika."

"Toboa tena," Dagane akasihi.

"Haitashika. Goti la chuma nalo huwekewa wazee. Huyu ana miaka thelathini na miwili, litachakaa naye angali kijana."

Mguu ukakakamaa. Weris huswali ameketi kitini, kusujudu hawezi. Billow hakuja hata kumjulia hali.

"Nisamehe," Dagane alimwambia siku moja.

"Nimekusamehe," Weris akajibu bila kumtazama. "Ila usiniulize tena kama linauma."

FUNZO

Daktari hushona, nyumba ndiyo huponya. Wanaume wenzangu, mgonjwa akiambiwa apumzike, shikeni mtungi mchana kweupe. Wageni watacheka, kisha wataondoka. Kilema kitabaki na nyinyi.