Pipa la Ghorofa ya Tatu

SAA 3:05 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha kinyozi. Wendell, msimamizi wa ghala la wiski, alitandaza ramani yake juu ya meza.

"Igizo linaanza saa nne na nusu. Mimi mtoza ushuru, nyinyi waasi. Mnanipaka lami na manyoya, mnatoka na pipa. Watu wanashangilia."

"Pipa gani?" Roscoe, dereva, aliuliza.

"La igizo ni tupu. Badala yake Harlan anateremsha la ghorofa ya tatu. Lina miaka ishirini na tatu. Mnunuzi yuko Louisville."

Kila mwaka kiwanda kile cha Kentucky, kilichoiita wiski yake Uasi, kiliigiza siku wakulima walipomtimua mtoza ushuru wa pombe. Harlan alisukuma mapipa pale miaka kumi na tisa, mpaka kifungo chake cha kwanza. Akinaswa tena, atafia ndani. Lakini mchongo ulikuwa wa Wendell, kaka wa mkewe Lurleen, aliyemtunza dada yake miaka yote ile ya kifungo.

"Shem, una uhakika?" Harlan aliuliza.

"Nikuuze wewe? Dada'angu atanionaje?"

SAA 4:40

Uani manyoya ya kuku yaliruka. Wendell, amepakwa molasi badala ya lami, alipiga magoti akilia kwa mbwembwe. Umati ulivunjika mbavu.

SAA 4:46

Harlan alilitoa pipa kwenye lifti ya mizigo, akalisukuma hadi uani. Mikono ikashtuka.

Zito.

Wiski ikikaa miaka hiyo yote kwenye joto la juu, hupungua kwa mvuke hadi kubaki chini ya nusu. Hili lilijaa pomoni. Ndani mlikuwa na maji. Mali ilishatolewa, na ufunguo wa ghorofa ile alikuwa nao Wendell peke yake. Sasa alihitaji mtu wa kubebeshwa wizi.

"Mshenzi wewe," Harlan alinong'ona.

Wendell aliangalia chini.

SAA 4:48

"Harlan Tackett! Mikono juu!"

Polisi wawili. Gari la Roscoe lilishatokomea. Umati ukapiga makofi.

"Si mchezo, jamani! Ni maji! Ameiba Wendell!"

"Huyu anajua kuigiza!" mama mmoja alicheka.

Pingu zikafungwa. Ndipo Lurleen akavuka kamba iliyozuia watazamaji, leso mkononi.

"Lurleen! Waambie!"

Alimpita. Akachuchumaa mbele ya kaka yake, akaanza kumfuta molasi usoni, taratibu.

"Lurleen!"

Hakugeuka.